Geti la Kijani

Panga lilikuwa shingoni mwa Mama Cheche tulipoachana wiki iliyopita, na maneno yenu nimeyasikia. Kuna mmoja alinipigia simu akiwa saluni, kichwa nusu kimesukwa nusu bado, akaniuliza nina roho gani. Roho ninayo. Nafasi gazetini ndiyo sina. Turudi jikoni.

Kwa aliyeingia leo nitaeleza harakaharaka, wenyeji mnivumilie. Mama Cheche ni fundi wa kuchomelea mageti. Mume aliingia mitini zamani, akamwachia binti mmoja mwenye pumu, mwembamba hata watu wakamwita Mchicha. Mama na mwana waliishi miaka yote chumba cha nyuma ya karakana, moshi mchana, vumbi la chuma usiku. Daktari akasema bila kuzunguka: mtoto huyu asipotolewa hapa, siku moja kifua kitafunga na hakitafunguka tena.

Ndiyo maana akanunua nyumba kwenye ule mtaa mpya wa ukingoni mwa maji. Upepo safi, nyasi zimekatwa sawasawa, nyumba zote nyeupe na paa jekundu, mbele barabara, nyuma daraja dogo la mbao la kufungia boti. Leo ndiyo siku ya kuhamia. Na kabla hata chai ya kwanza haijachemka, jitu limeingia kwa mlango wa upande wa maji.

"Nyumba hii ni yangu," jitu likasema. "Nimeinunua."

"Hata mimi nimeinunua."

Sauti ya Mama Cheche ilitoka nyembamba, maana panga lilishaanza kuchora ngozi.

"Umeinunua kwa nani?"

"Kwa Dalali."

Panga likatulia kidogo. "Dalali yupi? Yule wa mashati meupe?"

"Huyohuyo. Anakaa safu ya nyumba za nyuma hapo."

Jitu likacheka puani. Nyinyi mnalijua. Ni Bwana Boti, mwenye mashua zote za kubebea mchanga, mtu ambaye wenziwe wakimwona upande huu wa barabara huvuka kwenda ule.

"Basi katuuzia wote wawili," akasema. "Pole, mama. Yeye nitamshughulikia kwa nafasi yake. Wewe unatoka sasa hivi, na ukitoka kwa miguu yako umshukuru Mola."

"Sitoki."

Hapa, msomaji, mwenye akili timamu angetoka. Nyumba hununuliwa nyingine, shingo haipatikani dukani. Lakini Mama Cheche alikuwa anamfikiria Mchicha akirudi kulala kwenye moshi. Na alikuwa akishukuru kimoyomoyo kwamba mtoto hayupo. Alimpeleka asubuhi kwa Mama Pacha, mke wa Dalali, ashinde huko na mapacha wake mpaka vumbi la kuhama litulie. Dalali alikuwa mwizi, hilo sasa alilijua. Lakini mkewe alikuwa mtu wa watu.

Nyuma ya mgongo wake birika lilikuwa linachemka.

"Nahesabu," Bwana Boti akasema.

"Hesabu."

Hakufika popote. Mama Cheche alinyoosha mkono nyuma, akashika mpini, akammwagia birika zima usoni. Maji yakashuka shingoni, kifuani, yakajaa mfuko wa shati ulimokuwa na simu. Bwana Boti akalia kwa sauti ambayo mtu mzima hatarajiwi kuwa nayo. Ngozi ya shavu ikajikunja palepale.

Panga likaruka ovyo. Pigo la kwanza likaangukia kabati. La pili likamkata Mama Cheche begani, likafika kwenye mfupa, na nguo ikalowa mpaka kiunoni. Akampiga teke la goti. Jitu halikuanguka. Lilimfuata kwa kupapasa, jicho moja limefumba, likaachia panga, likamkandamiza kwenye sinki na kumkaba kwa mikono miwili.

Mama Cheche akamng'ata sikio. Akang'ang'ania mpaka meno yakakutana. Bado mikono haikulegea. Mwanga wa dirishani ukaanza kuwa mweusi pembeni, na akilini mwake kulikuwa na jambo moja tu: nikifa hapa, nani atamkumbusha mtoto dawa yake.

Mlango wa mbele ukafunguka.

Dalali huyo. Shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa, manukato yamemtangulia. Akasimama kwenye mlango wa jikoni akitazama kama mtu aliyekuja kukagua rangi ya ukuta.

"Kaka, nisaidie," Mama Cheche akakoroma.

Dalali akatazama chini. Sanduku la vifaa vya Mama Cheche lilikuwa wazi karibu na mlango. Akainama, akachagua nyundo, ile kubwa ya kunyooshea vyuma, akaipima uzito mkononi. Kisha akatembea taratibu mpaka nyuma ya Bwana Boti, akampiga kisogoni. Jitu likapiga magoti. Akampiga tena. Pigo la pili lilitoa mlio ambao sitauandika, maana najua wengine mnasoma huku mnakula.

Mama Cheche akateleza mpaka sakafuni, akivuta hewa kwa shida.

"Ahsante, kaka. Mungu akuzidishie."

"Usinishukuru, dada."

Dalali akatoa leso. Akaufuta mpini wa nyundo, juu, chini, pembeni, kama anayefuta miwani. Akaidondosha miguuni pa Mama Cheche.

"Nyundo ni yako," akasema. "Jikoni ni kwako. Mmegombana kwa ajili ya nyumba, majirani watasema walisikia kelele. Mimi nimefika nimekuta hivi."

Mama Cheche akamkodolea macho.

"Usinitazame hivyo. Ni biashara. Wanunuzi wawili, nyumba moja. Mmoja anakwenda kaburini, mwingine gerezani, na nyumba inarudi sokoni. Nina mteja wa tatu, mtu mstaarabu sana, ana mbwa wawili."

Mnamwona? Huyu ndiye mtu mliyeniandikia kwamba ni mpole, kwamba nimwozeshe Mama Cheche, awe mke wa pili. Wapo waliochagua mpaka rangi ya suti. Haya, chagueni tena.

Dalali akatoa simu awapigie polisi. Kidole hakijagusa kioo, mtu akacheka.

Alikuwa Bwana Boti. Ubavu mmoja sakafuni, damu inamtoka masikioni, na bado anacheka.

"Piga," akasema. "Piga upesi. Vijana wangu pia wananipigia mimi. Mwanangu Nanga yuko nao. Niliwaambia, nisipopokea, wajue nimeumizwa. Waingie."

Dalali akashusha simu. "Waingie wapi?"

"Nyumba ya geti la kijani. Hawabakishi mtu."

Mkono wake ukatambaa mpaka mfukoni, ukatoa simu. Kioo kilikuwa kimeingia ukungu wa maji ya moto, hakiwaki. Akaitazama kwa mshangao, kama hakuelewa hadithi yake mwenyewe imeishia wapi. Ndivyo alivyokufa.

Dalali alikuwa wa kwanza kuzinduka. "Tutoke. Wewe kaa ukitaka, mimi natoka."

Mama Cheche hakusogea. Uso wake ulikuwa umebadilika. Uchungu wa bega ulimtoka kabisa, na mahali pake pakaingia kitu kibaya zaidi.

"Dalali," akasema. "Ulipoingia sasa hivi, geti uliloliona ni la rangi gani?"

"Jeusi. Achana na mageti, mwanamke, watu wanakuja kutu..."

Akakumbuka. Nyumba aliyoiuza mara mbili ilikuwa na geti la kijani. Aliwaonyesha wanunuzi wote wawili.

"La kijani liko wapi?"

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye jambo. Mafundi wa mageti wana ugonjwa wao. Fundi hakubali kukaa nyuma ya geti lililotengenezwa na fundi mwingine. Wateja watasema nini? Wenzake watacheka mpaka kesho. Hata akinunua nyumba ya bati, kitu cha kwanza ni kung'oa geti alilolikuta na kutundika lake. Mama Cheche alifanya hivyo leo alfajiri, kabla hajaingiza hata kijiko. Na lile la kijani, chuma kizima kisicho na kutu, hakulitupa.

Mama Pacha alikuwa amemlilia geti mwezi mzima. Lake lilikuwa limeliwa na upepo wa majini, na mumewe kila siku anasema kesho. Basi wakapatana, wanawake wawili, bila karatasi wala shahidi. Nitundikie geti, na mimi nitakushindia na mtoto. Dalali alikuwa ameshaondoka nyumbani. Bwana Boti alikuja kwa boti, akaingia kwa nyuma, geti hakuliona kabisa.

"Liko kwako," Mama Cheche akasema. "Nimelitundika kwako asubuhi hii. Na mwanangu yuko ndani."

Dalali akainua tena simu. Akampigia mkewe. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

"Wanangu," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwamini.

Mama Cheche akaokota nyundo. Hilo lilikuwa kosa, nami nalisema mapema ili baadaye msiseme sikuwaonya. Lakini mtu anayekimbilia mapanga haendi mikono mitupu. Wakatoka mbio, muuaji na yule aliyekuwa anasingiziwa, wakaingia gari moja.

"Endesha."

"Naendesha."

"Endesha kama umeiba."

"Dada, tukifika, wewe ndiye utakayezungumza nao. Mimi wananijua."

"Na mimi nikifika hai ndipo nitakapozungumza na wewe."

Safu ya nyuma haikuwa mbali, kona mbili tu, lakini barabara za mtaa ule zimejaa matuta kwa ajili ya baiskeli za watoto. Gari liliruka kila tuta na kila mara bega la Mama Cheche likafunguka upya. Nje, mzee mmoja alikuwa anamwagilia maua. Akawapungia mkono. Mtaa wa heshima, jirani haulizi.

Na walinzi wa lango kuu, mtauliza, walikuwa wapi? Walikuwepo. Waliambiwa na vijana wale kwamba wamekuja kubeba vyombo vya mama anayehamia. Wakawafungulia, wakawaonyesha na njia.

Kona ya pili wakaona moshi.

Mweusi, mzito, unapanda nyuma ya geti la kijani. Gari dogo la mizigo lilikuwa limeegeshwa pembeni. Geti limefungwa mnyororo kwa ndani ili majirani wasiingilie. Vijana walikuwa uani. Mama Pacha alikuwa ameyaona mapanga yakiruka ukuta, akajifungia na watoto chumba cha mbele, chenye mlango wa chuma na nondo dirishani. Mlango ulikataa kuvunjika. Basi wakaweka tairi mlangoni, wakalimwagia petroli, wakaliwasha. Panya akikataa kutoka, hutolewa kwa moshi.

"Mtoeni mzee," sauti ilikuwa inasema uani. "Mtoeni mzee, tunazima."

Ndani, Mama Pacha alikuwa analia kwamba hamjui mzee yeyote. Na katikati ya kilio kile Mama Cheche akasikia kitu kingine, kile anachokijua hata akiwa usingizini. Kifua cha Mchicha kilikuwa kinapiga filimbi.

"Ligonge geti," akasema.

"Ni chuma."

"Bawaba nimezishika kwa nukta mbili tatu tu za kuchomelea. Nilikuwa nirudi jioni kumalizia. Ligonge upande wa kulia."

Dalali akatazama gari lake. Lilikuwa jipya, ngozi ya viti bado ina plastiki. Hata katika hali ile alilitazama. Mama Cheche akanyoosha mguu, akaukanyaga mguu wa Dalali pamoja na pedeli ya mafuta iliyokuwa chini yake.

Geti likang'oka zima. Likaanguka na gari likapita juu yake, na chini yake palikuwa na kijana mmoja ambaye hakuwahi kuruka. Gari likaishia ukutani. Kioo cha mbele kikaingia usoni kwa Dalali.

Mama Cheche alikuwa ameshashuka. Kijana wa kwanza alikuja na panga juu, akapigwa nyundo ya goti. Goti likageukia nyuma, likakataa kazi. Wa pili alisita kidogo, na huo ukawa msiba wake, maana nyundo ilimkuta kwenye taya. Meno yakamwagika kwenye nyasi za Mama Pacha.

Moto Mama Cheche hauogopi, ndiyo riziki yake. Alipiga teke tairi linalowaka mara mbili, likabingirika mpaka ukutani, suruali yake ikashika moto gotini, akaizima kwa kiganja huku akigonga mlango.

"Mama Pacha, fungua. Ni mimi."

Komeo likalia. Moshi ukatoka kwanza. Kisha Mama Pacha, macho mekundu, mapacha wawili wamemshika sketi, wote wanakohoa mpaka kutapika. Kisha Mchicha, wa mwisho, ameshika ukuta, midomo imeanza kuwa ya kijivu.

Mama Cheche akanyoosha mikono. Hakumfikia.

Mkono mwingine ulikuwa umetoka pembeni ya mlango, ukamdaka mtoto shingoni na kumvuta nyuma. Kijana mrefu, mtulivu, uso wa babake bila makunyanzi. Nanga.

"Sogea nyuma," akasema.

Mama Cheche akasogea.

"Baba yangu hakupokea simu."

"Mwache mtoto avute dawa yake. Iko mfukoni mwa gauni. Akishavuta, nitakwambia kila kitu."

Nanga akapapasa mfuko, akatoa kile kichupa cha dawa. Akakishika mkononi. Hakumpa. Mchicha akanyoosha vidole, vikashika hewa.

"Niambie kwanza," Nanga akasema. Macho yake yalishuka kwenye nyundo. Kichwa cha nyundo kilikuwa na damu mbichi, na chini ya ile mbichi kulikuwa na nyingine nzito, na nywele fupi za mvi zimegandia. Vijana wake hakuna aliyekuwa na mvi.

"Nywele za nani hizo?"

"Za baba yako," sauti ikasema nyuma.

Dalali alikuwa ametambaa kutoka garini, uso umechanwa, damu inachuruzika kidevuni. Alikuwa anamnyooshea Mama Cheche kidole.

"Huyu ndiye kamuua. Nimemkuta kwa macho yangu. Nyundo ni yake, muulize mwenyewe."

Nanga akamgeukia Mama Cheche. "Nyundo ni yako?"

"Ni yangu."

"Baba yuko wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Mzima?"

Mama Cheche alitaka kudanganya. Alilitafuta neno, na lilikuwepo. Lakini mbele ya macho yale halikutoka. "Hapana," akasema. "Pole, mwanangu."

Filimbi tu ya kifua cha mtoto, juu, chini, juu. Mkono wa Nanga shingoni mwa Mchicha ukaanza kubana, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua kwamba unabana.

"Mimi sikumuua," Mama Cheche akasema. "Alinikata, nilimmwagia maji ya moto, hilo ni langu. Nyundo aliishika huyu."

"Mwongo," Dalali akasema. "Angalia bega lake. Walipigana."

"Simama kwanza, mwanangu."

Huyo alikuwa Mama Pacha. Sauti imekauka kwa moshi, lakini haikutetemeka. Alikuwa amewaweka mapacha nyuma yake.

"Nyamaza, mke wangu," Dalali akasema.

"Nimenyamaza tangu uliponioa." Hakumtazama. Alimtazama Nanga. "Hilo shati nimelipiga pasi mimi asubuhi. Lilikuwa jeupe. Hiyo damu ya kidevuni ni ya kioo cha gari, ni mbichi, bado inatoka. Sasa muangalie mkono wa kulia, mpaka kwenye kiwiko. Ile imeanza kukauka. Muulize imetoka wapi."

Kila mtu akatazama. Hata kijana aliyekaa chini akishika taya lake alitazama. Mkono wa shati wa Dalali ulikuwa na madoa ya kutapakaa, yanaanza kuwa kahawia, yameganda kitambaani.

"Mke wangu," Dalali akasema polepole, "mimi ndiye baba wa watoto wako."

"Najua. Na ni wewe uliyeleta tairi linalowaka mlangoni pao."

Nanga akavuta pumzi ndefu. Alipoongea, aliongea kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko panga.

"Baba alinilea vizuri kwa njia yake," akasema. "Alinikataza jambo moja. Usimuue mtu mbele ya watoto wake, watakuja kukutafuta wakikua. Kwa hiyo mimi simuui huyu." Akainua kichupa cha dawa, akakitikisa kidogo sikioni. "Utamuua wewe, mama. Nyundo unayo. Ukimaliza, dawa hii hapa."

"Mtoto hana muda."

"Basi usichelewe."

Mama Cheche akamgeukia Dalali. Dalali alikuwa ameshapiga magoti kwenye nyasi, mikono juu, manukato yake yamechanganyika na harufu ya mpira uliochomwa.

"Dada. Nina watoto."

"Hata mimi ninaye."

Akapiga hatua. Mapacha wakaanza kulia, Mama Pacha akawageuza, akawafunika nyuso kwa sketi yake. Hakusema piga, hakusema usipige.

Msomaji, ningekuwa mimi ningempiga. Nasema ukweli. Mtu aliyemuuzia nyumba yenye mwenyewe, akamtengenezea kesi ya mauaji jikoni kwake, akamtaja mbele ya panga bila haya. Ningempiga, nikarudi nikalala.

Lakini Mama Cheche alimtazama mwanawe kwanza. Mchicha alikuwa anatikisa kichwa. Hapana, mama. Hakuwa na pumzi ya kulisema, alitikisa kichwa tu. Na katika kutikisa kule ile filimbi ikakatika. Kifua hakikulia tena, si kwenda juu wala kushuka. Midomo ikabaki wazi na hakuna kilichoingia.

Mama Cheche akainua nyundo kwa mikono miwili juu ya kichwa cha Dalali, bega linatiririka, na Dalali akafumba macho. Akaishusha. Katikati ya njia akazungusha kiuno, akaigeuza, na uzito wote ukatua kwenye mkono wa Nanga, ule ulioshika dawa.

Mfupa ukavunjika juu ya kifundo. Nanga akaanguka juu ya kizingiti akimwachia mtoto, na Mchicha akashuka kama nguo iliyodondoka kambani. Mama Cheche akatupa nyundo, akamdaka kabla kichwa hakijagusa sakafu.

"Dawa," akasema. "Dawa iko wapi? Nipeni dawa."

Kichupa kilikuwa kimeruka. Kilidunda kwenye kizingiti, kikabingirika nyasini, kikasimama mbele ya magoti ya Dalali.

Dalali akafumbua macho. Akakiona. Akatazama nyundo iliyolala mbali na mwenyewe, akamtazama Nanga anayegaagaa, akamtazama mama aliyekaa chini na mtoto asiyepumua mapajani. Akakiokota kile kichupa, akakifuta majani kwa leso.

"Haya, dada," akasema. "Sasa tuzungumze kuhusu ile nyumba."